Kompyuta za kwanta na siri za Bukavu: nani atabadilisha kufuli?

Mwezi wa pili wa mwaka 2025, benki za Bukavu zilipofunga milango, maisha ya mji yalihamia ndani ya simu. Mishahara ya walimu, sadaka kutoka kwa ndugu walio Kinshasa na Ulaya, pesa za dawa, za unga, za kodi ya nyumba: karibu yote yalianza kupita kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Kwenye kabine za Kadutu na Nyawera watu walipanga mstari ili watoe franga, na wengi walikatwa fungu kubwa kwa sababu noti zilikuwa haba. Mengi yamesemwa juu ya hayo. Leo tunataka kuongea juu ya kitu kingine kilichohamia ndani ya simu wakati uleule, ambacho hakikuonekana katika ile mistari. Ni siri zetu.

Tukumbuke tulichokuwa tunatumiana. Orodha za familia zilizolala katika majengo ya kanisa na ya shule. Majina ya watoto waliopotezana na wazazi, pamoja na picha zao. Hati za viwanja, zilizopigwa picha usiku kwa kuogopa kwamba nyumba itaporwa. Maelezo ya mama aliyebakwa, yaliyoandikwa na mhudumu wa kike huko Kalehe au Walungu na kutumwa mjini ili aandaliwe nafasi ya matibabu. Sauti za wachungaji wakieleza nani amechukuliwa, na nani, saa ngapi. Tulituma kwa simu kwa sababu barabara hazikupitika, na hatujuti. Watu walipona kwa sababu ya jumbe hizo.

Tunapouliza katika mikutano yetu ni nani anayeweza kusoma mambo hayo, jibu huwa lilelile: hakuna, kwa sababu WhatsApp hufunga ujumbe kwa fumbo tangu simu ya anayetuma hadi simu ya anayepokea. Ni kweli. Lakini kweli hiyo ina mwisho wake, na ni mwisho huo unaotufanya tuandike.

Mafumbo mengi yanayolinda intaneti yamejengwa juu ya hesabu ambayo ni rahisi kuifanya na ngumu mno kuirudisha nyuma. Kuzidisha namba mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini ukipewa jibu tu na kuambiwa utafute zile namba mbili, kompyuta zote za leo zikiunganishwa haziwezi kumaliza kwa muda wenye maana kwa mwanadamu. Mwaka 1994 mwanahesabu Mmarekani Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta inayotumia kanuni za fizikia ya kwanta, yaani tabia za ajabu za chembe ndogo kabisa za mwanga na maada, ingeirudisha hesabu hiyo upesi. Wakati ule mashine ya namna hiyo haikuwapo. Leo zipo, bado ndogo na zenye makosa mengi. Desemba 2024 Google ilitangaza chipu yake inayoitwa Willow, yenye kyubiti 105, na kyubiti ndicho kipande cha msingi cha kompyuta hizo. Mei 2025 mtafiti wa kampuni hiyohiyo, Craig Gidney, alikadiria kwamba kyubiti pungufu ya milioni moja zingetosha kuvunja ufunguo wa RSA wa biti 2,048 kwa muda usiofika wiki moja. Mwaka 2019 yeye na mwenzake walikuwa wamekadiria milioni 20.

Kutoka 105 hadi milioni bado ni safari ndefu. Wapo wataalamu wanaosema miaka kumi, wapo wanaosema zaidi ya hapo. Kwa mtu anayetuma salamu za Krismasi tofauti hiyo haina uzito. Kwetu ina uzito, kwa sababu mwenye subira hahitaji kungoja mashine hiyo ndipo aanze kazi. Ananasa leo ujumbe uliofungwa, anauweka ghalani, na siku ufunguo utakapopatikana anaufungua wote kwa mpigo. Msichana aliyeeleza mateso yake mwaka 2025 akiwa na miaka 15 atakuwa na miaka 40 mwaka 2050. Atakuwa na mume labda, na watoto walio shuleni, na jirani asiyejua lolote. Siri yake haitakuwa imezeeka. Aliyemtaja kama mtenda uovu anaweza kuwa hai bado, tena akiwa na cheo.

Hatusemi kwamba kuna mtu fulani anayenasa jumbe za Bukavu. Tunasema kwamba njia wanayopita ni ndefu na ina milango mingi. Ujumbe unatoka kwenye simu hadi mnara, kutoka mnara mmoja hadi mwingine kwa mawimbi ya redio au kwa faiba, ile waya ya kioo inayobeba mwanga, kisha unavuka mipaka ya nchi hadi nyaya zilizolala chini ya bahari. Sisi watu wa mashariki tuko karibu na Bahari ya Hindi kuliko na Muanda, ambako waya wa WACS ulianza kuihudumia nchi yetu mwaka 2013. Kila mpaka na kila jengo la mitambo njiani ni mahali ambapo mtu anaweza kukaa na kunakili.

Hapo tuweke jambo moja pembeni, maana haliwezi kuachwa na mtu wa Kivu. Mwaka 2021 watafiti wa Princeton, Marekani, walionyesha kwamba kyubiti zilizotengenezwa kwa tantalamu hudumisha hali yake kwa muda mrefu kuliko zile za madini yaliyozoeleka. Tantalamu hutoka katika koltani. Kutoka Rubaya hadi Numbi tunajua koltani inachimbwa vipi, na nani huzikwa udongo unapoporomoka. Basi inawezekana kwamba mashine itakayofungua siri za dada zetu itakuwa na chembe ya ardhi yetu ndani yake. Hatujui tufanye nini na wazo hilo, ila tuliona si haki kulinyamazia.

Sasa turudi kwenye swali la nani abadilishe kufuli. Jumbe zetu hubebwa na makampuni machache: Vodacom, Airtel, Orange. Yote ni matawi ya makampuni makubwa ya nje, na makampuni hayo hayajalala. Septemba 2022 chama cha makampuni ya simu duniani, GSMA, kiliunda kikosi cha kuandaa mitandao kwa ajili ya zama za kwanta, na Vodafone, kampuni mama ya Vodacom, ilikuwa mwanzilishi pamoja na IBM. Orange, kwa ushirikiano na Toshiba, mwaka 2025 ilianza kuuza mjini Paris huduma ya mawasiliano yanayolindwa dhidi ya kompyuta za kwanta, kwa ajili ya mabenki na ofisi nyeti. Kwa hiyo elimu ipo ndani ya nyumba. Haijafika katika chumba tunacholala sisi.

Tena ipo kampuni ya taifa, SCPT, ambayo wazee wetu waliijua kwa majina ya ONPTZ na OCPT. Wengi wa vijana hawajui hata kama bado ipo. Lakini ndiyo yenye kituo cha Muanda na sehemu ya uti wa mgongo wa faiba upande wa magharibi, na kwa mujibu wa sheria ndiyo mkono wa serikali katika mawasiliano. Katika nchi nyingine makampuni ya mawasiliano yamo kati ya waliobeba mzigo wa kwanza. Huko Korea Kusini, SK Telecom ilinunua sehemu kubwa ya kampuni ya Uswisi ya ID Quantique mwaka 2018. Uingereza, BT pamoja na Toshiba walifungua mtandao wa majaribio ya kibiashara London mwaka 2022. China ilikamilisha mwaka 2017 njia ya kilomita 2,000 kati ya Beijing na Shanghai. Mtu akisoma habari hizo anaweza kusema: nasi SCPT itujengee vivyo hivyo. Tumelifikiria jambo hilo kwa makini, na kwa maoni yetu jibu ni hapana. Tueleze.

Kuna njia mbili zinazoitwa kwa jina moja la usalama wa kwanta, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutuma ufunguo wenyewe kwa chembe za mwanga, mojamoja. Wazo hilo lilitolewa na Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984. Uzuri wake ni kwamba chembe ya mwanga ikichunguliwa njiani hubadilika, hivyo mwizi huacha alama. Afrika imewahi kuitumia: wakati wa Kombe la Dunia la 2010, wataalamu wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walilinda kwa njia hiyo mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida, Durban. Na Machi 2025 ilitangazwa kwamba satelaiti ndogo ya China iliunganisha China na Stellenbosch, Afrika Kusini, umbali wa kilomita 12,900.

Lakini chembe ya mwanga huchoka. Katika faiba nzuri, baada ya kilomita 100 hufika moja tu katika kila mia. Baada ya kilomita 300 ni moja katika milioni. Na huwezi kuikuza njiani kama sauti kwenye spika, kwa sababu kuikuza ni kuichungulia. Ndiyo maana ile njia ya Beijing hadi Shanghai ina vituo 32, na katika kila kituo ufunguo hutoka kwenye mwanga, hukaa wazi ndani ya mashine, kisha hutumwa tena. Vituo hivyo huitwa vya kuaminika, kwa maana kwamba ukiingia ndani ya kimoja umeingia kwote.

Tupime hapa kwetu. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa, hata ndege ikienda moja kwa moja, ni zaidi ya kilomita 1,500. Tungehitaji vituo kumi na tano au ishirini msituni na mabondeni, kila kimoja na ukuta, walinzi, umeme usiokatika na fundi. Mji wenyewe, ulio jirani na mabwawa ya Ruzizi, hulala gizani mara ngapi kwa juma? Na mlinzi wa kituo cha Shabunda angemtii nani mwaka huu, na nani mwaka ujao? Katika nchi ambayo ngome hubadilisha mikono, kujenga usalama juu ya nyumba ishirini za kuaminika ni kujitafutia milango ishirini ya kuvunjiwa. Satelaiti nayo hutaka darubini ardhini na anga safi, nasi tuna mvua tangu Septemba hadi Mei.

Njia ya pili haina mwanga wa ajabu wala satelaiti. Ni hesabu mpya, mafumbo ya aina nyingine ambayo mbinu ya Shor haiyawezi, na yanafanya kazi katika simu na kompyuta hizihizi. Tarehe 13 Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza baada ya miaka minane ya mashindano ya wataalamu wa dunia nzima. Kimoja, kiitwacho ML-KEM, ni cha kukubaliana ufunguo, na viwili ni vya saini. Mashirika ya usalama wa mitandao ya Marekani, Uingereza na Ufaransa yamesema wazi kwamba kwa watumiaji wengi hii ndiyo njia ya kutanguliza. Uingereza imejipa hadi 2035 kumaliza kuhama. Signal ilianza kuweka ulinzi wa aina hiyo Septemba 2023, na Apple ikafuata katika iMessage mwaka 2024.

Gharama yake kwa mega ni ndogo. Ufunguo wa wazi wa ML-KEM unaotumika sana una baiti 1,184, ambapo ule wa zamani ulikuwa na 32. Ni mara 37, lakini ni kidogo kuliko picha ndogo kabisa unayotumiwa asubuhi yenye maua na salamu.

Gharama kubwa iko mahali pengine, na hapo ndipo tunapoona kazi halisi ya makampuni ya simu na ya serikali. Mafumbo mapya huingia kwa kusasisha programu. Angalia simu za washirika wetu. Wengi wana simu za bei nafuu au zilizokwisha kutumiwa na wengine, ambazo mtengenezaji aliacha kuzitunza zamani. Wenye simu mpya wamezima usasishaji, kwa sababu programu moja inaweza kula mega za juma zima. Katika ofisi yetu moja tulikagua simu saba zinazotumika kupokea taarifa za wakimbizi, na tano zilikuwa hazijasasishwa kwa zaidi ya mwaka. Hatukumlaumu yeyote. Dada mmoja alituambia kwamba akiwa na mega mia mbili, hawezi kuzipa simu zile kabla ya watu. Kampuni inayoweza kutoa mega za bure usiku kwa ajili ya kutazama mpira inaweza pia kuachilia usasishaji wa usalama upite bila kutozwa. Hilo halihitaji maabara.

Na lipo jambo ambalo kompyuta za kwanta hazihusiki nalo kabisa. Ujumbe mfupi wa kawaida, na zile namba zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli tunazotumia kutuma pesa, havifungwi kutoka simu hadi simu. Kampuni huviona. Ambako mnara ni wa kizazi cha pili, kama ilivyo katika vijiji vingi, fumbo linalolinda sauti hewani ni la zamani na limevunjwa miaka mingi iliyopita kwa kompyuta za kawaida. Na kwenye kizuizi cha barabarani, kijana mwenye bunduki anayesema fungua simu hahitaji hesabu ya aina yoyote. Mtu akituuzia usalama wa kwanta bila kugusa mambo hayo, anatupaka rangi ukuta wakati paa linavuja.

Kwa haki, si kila kitu katika simu kitaanguka siku hiyo. Siri iliyo ndani ya kadi ya SIM ni ya aina ambayo mbinu ya Shor haiigusi. Kinachoanguka ni makubaliano ya ufunguo kwenye intaneti, mazungumzo kati ya kampuni na kampuni, na saini. Juu ya saini, msomaji akumbuke habari za Esta na pete ya mfalme: aliyekuwa na pete aliweza kuandika amri kwa jina la mfalme, na Hamani aliipata. Saini za kidijitali ndizo pete. Zinaiambia simu yako kwamba programu hii ya pesa imetoka kweli kwa kampuni, na zinaiambia kampuni kwamba amri hii imetoka kweli kwa mtambo wake. Katika mji uliokaa miezi bila benki, pete hiyo ikiibiwa mji wote unaweza kulala na njaa.

Nani awabane? Nchi ina sheria ya mawasiliano ya 25 Novemba 2020 na kanuni ya mambo ya kidijitali ya 13 Machi 2023, inayogusa pia ulinzi wa habari za watu binafsi. Ina mamlaka ya kusimamia makampuni. Lakini leseni zimetolewa Kinshasa, na minara iko katika mji ulio mikononi mwa AFC/M23 tangu katikati ya Februari 2025. Kampuni zimekaa katikati, na mara nyingi mtu aliyekaa katikati hunyamaza. Tukumbuke pia kwamba serikali si malaika katika jambo hili. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa muda wa karibu wiki tatu. Kwa hiyo tunapoomba kwamba SCPT na mamlaka waongoze uhamaji huu, hatuombi wapewe nakala ya funguo. Tunaomba waweke tarehe, waandike viwango vya NIST katika masharti ya leseni, na waanze na nyumba yao wenyewe: uti wa mgongo wa faiba na mitambo ya serikali yenye daftari za raia.

Kwa upande wetu, hakuna mamlaka ya kungoja. Tumeanza kufuta. Orodha za Februari na Machi 2025 zilikuwa bado katika makundi ya WhatsApp ya watu mia na zaidi, wakiwemo waliokwisha kuhama mji na wasiojulikana tena. Maelezo ya waliobakwa hayatumwi tena kwa maandishi. Hutumwa namba tu, na jina hubaki katika daftari ambalo liko kwa mhudumu mmoja. Kwa mazungumzo yasiyoweza kungoja tunatumia Signal, na wachungaji wazee wamejifunza upesi kuliko tulivyodhani. Ujumbe uliokwisha kunaswa hauwezi kufutwa, hilo tunalijua, na tumewaeleza hivyo wale ambao majina yao yalipita. Mama mmoja alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama mashine hiyo itasoma pia Kishi. Tulimjibu kwamba ndiyo.

Tumeandikia ofisi za makampuni matatu hapa mjini. Tunauliza ni lini mitambo yao ya pesa itahamia saini mpya, kama tawi la Congo limo katika mpango wa kampuni mama au limeachwa nje, na kama usasishaji wa usalama unaweza kupita bila kula mega. Barua zimepokelewa na kupigwa muhuri. Majibu yakifika tutayaweka hapa, pamoja na tarehe.